Prosesa Isinunuliwe kwa Lakabu

Kijana aliyepata ajira yake ya kwanza katika mgodi wa Geita, au Bulyanhulu upande wa Kahama, ambaye hulala kambini muda wote wa zamu yake na zamu ikiisha hupanda basi kurejea kwao Shinyanga au Mwanza akiwa na begi moja mgongoni, aghalabu hutamani kununua kwa mishahara yake ya awali kompyuta ya kupakata yenye nguvu ya kuchezea gemu jioni, na yenye uwezo, siku atakapotakiwa kudhihirisha elimu yake, wa kufungua programu za kuchora miamba kama Surpac na Leapfrog. Matamanio hayo ni halali, wala sioni sababu ya wazee kuyabeza, maana mtu aliyetoka shimoni ana haki ya kustarehe kwa namna aipendayo. Linalonihuzunisha ni kwamba fedha iliyochumwa kwa jasho zito namna hii hutolewa dukani kwa kuamini herufi moja na tarakimu moja zilizobandikwa kando ya kibodi.

"Hii i7, kaka, gemu zote inabeba," husema muuzaji, na maneno hayo huwa ndiyo mwanzo na mwisho wa mashauriano. Walakini i7 ni lakabu ya daraja tu, ambayo kampuni ya Intel ilianza kuzivika prosesa zake mwaka 2008, na chini ya lakabu hiyo zimo zenye nguvu na zilizo dhaifu, changa na zilizokwisha kuzeeka. Itazame i7-7500U ya mwaka 2016, ambayo hukutwa katika kompyuta zilizokwisha kutumika ughaibuni: ina viini 2 tu, na imeundwa kwa wati 15. Kisha itazame i5-12450H ya mwaka 2022, ambayo kwa lakabu iko daraja la chini: ina viini 8, vinne vya kasi na vinne vya kubana matumizi, na wati zake za msingi ni 45. Mnunuzi aongozwaye na lakabu ataichukua ile ya kwanza, na fauka ya hayo atajikuta na prosesa isiyokuwemo katika orodha ya zile zilizoidhinishwa kwa Windows 11, ilhali huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025.

Kampuni ya AMD nayo haikutuhurumia. Katika Ryzen za kupakata za mwaka 2023, tarakimu ya tatu ndiyo itoayo habari ya nasaba: Ryzen 5 7520U, yenye 2 mahali hapo, imejengwa juu ya usanifu wa Zen 2 uliotoka mwaka 2019, na Ryzen 7 7840HS, yenye 4, ni ya Zen 4. Kwa asiyefundishwa, zote mbili ni "Ryzen ya elfu saba".

Mintarafu ya kuchagua, nchi yetu yenyewe yapasa isikilizwe kabla ya sifa za watengenezaji. Prosesa hugeuza karibu umeme wote iutumiao kuwa joto, na joto hilo halina pa kwenda ila lichukuliwe na hewa isukumwayo na feni. Shinyanga na Geita zote ziko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu sehemu moja ya kumi, kwa hiyo feni ile ile, ikizunguka kwa mwendo ule ule, hubeba joto pungufu. Ongeza mchana wa Septemba na Oktoba upitao nyuzi 30 za Selsiasi. Ongeza vumbi la kiangazi la njia za machimboni kama Nyarugusu na Rwamgasa, ambalo hupenya mpaka kwenye mapezi membamba ya kupozea na kuyaziba. Na hapo prosesa, ikaribiapo nyuzi 100, hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Gemu iliyokuwa laini huanza kukwamakwama, na mwenye mali hudhani ameuziwa kitu kibovu, kumbe kitu ni kizima ila hakipati pumzi.

Kwa sababu hiyo nasema bila ya kusita kwamba swali la kwanza la mnunuzi wa huku liwe juu ya wati ambazo mashine inaweza kuzihimili kwa saa nzima, wala lisiwe juu ya kasi ya juu kabisa iandikwayo kwenye boksi, ambayo hudumu kwa muda mfupi. Prosesa ya i9-13980HX ina viini 24 na huweza kupanda hadi wati 157. Lau ingaliruhusiwa kula kiasi hicho kwa betri ya wati-saa 99, betri isingalitimiza dakika 40, na betri kubwa zaidi ya wati-saa 100 haipandi ndege bila ya kibali cha shirika. Ndiyo maana chaja ikichomolewa, au umeme ukikatika, mashine hizo hubanwa zisitumie nguvu waliyozinunulia wenyewe. Mashine ya namna hiyo na adapta yake nzito ifaayo kukaa mezani pa ofisi, penye kiyoyozi na jenereta, haimfai mtu wa begi moja.

Mimi ningemshauri achukue Ryzen 7 7840HS au iliyo mfano wake, yenye viini 8 na iliyokusudiwa wati 35 hadi 54, ambayo hata pasipo kadi ya michoro huendesha gemu nyepesi kwa Radeon 780M iliyomo ndani yake. Zipo gemu za mikakati ambazo huielemea prosesa kwelikweli, sikatai. Lakini gemu za mpira na za magari, ambazo ndizo vijana wetu wazipendazo, huielemea zaidi kadi ya michoro, kwa hiyo fedha itakayosalia na iende huko, na kwenye RAM ya gigabaiti 16.

Tangu masoko ya madini yafunguliwe mwaka 2019, mchimbaji mdogo wa Geita hauzi dhahabu yake kwa kutazamwa rangi. Hupimwa uzito na usafi, ndipo bei itajwe. Sharti hilo hilo lawafaa wenye maduka ya kompyuta. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumhadaa mlaji, nami naiomba Tume ya Ushindani iwaagize waandike kwenye kila kompyuta jina kamili la prosesa, mwaka wake, na wati zake pamoja na zile za kadi ya michoro, maana kadi ya RTX 4050 huweza kufungwa kwa wati 35 au kwa zaidi ya 100 na jina likabaki lile lile.

Kabla agizo hilo halijatoka, mnunuzi aiwashe mashine palepale dukani, abonyeze Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, afungue ukurasa wa Performance, asome jina lote la prosesa mpaka herufi ya mwisho, kisha aombe gemu iachwe ikicheza nusu saa, mchana, chaja ikiwa imechomekwa. Muuzaji akikataa, maduka mengine yapo Kahama, na Mwanza yapo mengi zaidi.