Pete ya Almasi na Mshahara wa Karani

Ndugu msomaji, leo naomba unisikilize katika jambo lililoanzia sebuleni mwangu. Nina hakika limekwisha kupiga hodi sebuleni mwako pia, au litapiga hodi siku si nyingi, iwapo una kijana anayejiandaa kuoa.

Jumamosi moja jioni alinijia mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa. Kijana huyu ni karani katika ghala moja karibu na bandari ya Dar es Salaam, na mshahara wake, baada ya makato, ni shilingi 600,000 kwa mwezi. Aliniamkia, nikamwitikia, akakaa kitambo akiizungusha simu mkononi mwake. Kisha akatoa karatasi mfukoni na kusema, "Mjomba, nakuomba unidhamini. Nataka kukopa shilingi milioni moja na laki mbili."

Nilidhani ni mahari. Kumbe mahari ilikwisha kukubaliwa na wazee wa pande zote mbili, na nusu yake ilikwisha kulipwa. Fedha hizo zilikuwa za pete ya uchumba, yenye kijiwe cha almasi kiasi cha punje ya ufuta. Nikamwuliza kwa nini iwe milioni moja na laki mbili hasa, isiwe laki tatu au milioni mbili. Akanijibu bila kusita:

"Mjomba, kanuni ni mishahara ya miezi miwili."

"Kanuni ya nani?"

Hapo akakwama. Alisema kila mtu anaijua. Nami nakiri, msomaji, kwamba hakuwa akinidanganya, kwani kanuni hiyo ipo kweli. Ila haikutungwa na wazee wa Pwani wala wa Bara, haikutoka msikitini wala kanisani. Ilitungwa na watu walioajiriwa kuuza mawe, na historia yake imekwisha kuandikwa vitabuni na magazetini, hata twaweza kuifuata hatua kwa hatua.

Kwa karne nyingi almasi ilikuwa adimu kweli. Ilitoka India, baadaye Brazil, na wavaaji wake walikuwa wafalme na matajiri wa jamaa hiyo. Mambo yaligeuka baada ya mwaka 1867, almasi ilipogunduliwa Afrika Kusini. Haikupita miaka mingi machimbo ya Kimberley yakawa yanatoa mawe kwa wingi ambao ulimwengu ulikuwa haujapata kuuona. Wenye machimbo wakakabiliwa na tatizo ambalo muuza nyanya yeyote wa Kariakoo analielewa: kitu kikifurika sokoni, bei huanguka. Mwaka 1888 Cecil Rhodes aliyaunganisha machimbo hayo chini ya kampuni ya De Beers, ambayo kwa muda mrefu kazi yake kubwa ilikuwa kuchunga ni mawe mangapi yanaruhusiwa kufika sokoni.

Lakini kuyabana mawe ghalani ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni kumfanya mtu ayatake. Katika miaka ya 1930, uchumi wa dunia ulipoporomoka, Wamarekani walipunguza kununua almasi. Basi mwaka 1938 kampuni hiyo ikatafuta wakala wa matangazo huko Marekani, N. W. Ayer. Shabaha ya wakala huyo haikuwa kusifu duka fulani. Alitaka kupandikiza fikra kwamba kijana asiyetoa almasi hapendi kikweli, na kwamba msichana asiyepewa hakupendwa vya kutosha. Nyota wa sinema walivishwa almasi, na magazeti yakapelekewa habari za ukubwa wa jiwe ambalo bwana fulani maarufu amempa mchumba wake. Wahadhiri wakatumwa hata kwenye shule za sekondari, wakazungumze na wasichana ambao bado hawajawaza kuolewa. Katika miaka mitatu ya kwanza mauzo ya almasi Marekani yaliongezeka kwa asilimia 55.

Mwaka 1947 mwandishi mmoja wa wakala huyo, Bibi Frances Gerety, alitunga maneno manne ya Kiingereza ya kuwekwa chini ya tangazo. Kwa lugha yetu maana yake ni kwamba almasi ni ya milele. (Yeye mwenyewe, kwa taarifa yako, hakuolewa maisha yake yote.) Neno hilo "milele" lilifanya kazi mbili kwa mpigo mmoja. Lilimwambia mwanamume kuwa jiwe ndilo ushahidi wa penzi lisilokufa, na likamwambia mwanamke kwamba pete ya namna hiyo haiuzwi. Na kwa wauzaji ni heri isiuzwe, maana anayejaribu kuirudisha dukani hupewa sehemu tu ya bei aliyoinunulia, na hapo ndipo huanza kujiuliza maswali.

Sisi nasi hatukuwa mbali na mambo hayo. Mwaka huo huo wa 1947, katika machimbo ya Mwadui, Shinyanga, ambayo mwanajiolojia Mkanada John Williamson aliyagundua mwaka 1940, ilipatikana almasi ya rangi ya waridi yenye uzito wa karati 54.5. Williamson akaitoa zawadi kwa Elizabeth, binti wa Mfalme wa Uingereza, aliyekuwa akiolewa mwaka huo. Ilipokatwa zikabaki karati 23.6, ikatiwa katikati ya bruchi yenye umbo la ua. Mimi huwaza juu ya mama wa Kisukuma aliyekuwa akipalilia pamba yake katika mkoa huo huo. Aliolewa kwa ng'ombe waliohesabiwa mbele ya ukoo mzima. Utajiri ulikuwa ukichimbwa nchini mwake na kupelekwa kwenye harusi za wengine, naye katika harusi yake hakujiona amepungukiwa na jiwe lolote. Hakuwa ametokea mtu wa kumwambia kwamba amepungukiwa.

Kama wadhani mambo hayo huwapata Wazungu peke yao, tazama Japani. Mwaka 1967, matangazo hayo yalipoanza kupelekwa huko, bibi harusi waliopewa pete ya almasi walikuwa chini ya 5 katika kila 100. Ilipofika mwaka 1981 walikuwa kiasi cha 60 katika kila 100. Nchi yenye mila za ndoa za karne nyingi ilibadilishwa katika miaka 14, tena kwa picha tu: wasichana wa Kijapani waliovaa mavazi ya Kizungu, wakiendesha baiskeli au wakipiga kambi, na kidoleni pete. Aliyeitazama picha ile hakuambiwa anunue jiwe. Aliambiwa kwamba kuna watu wa kisasa, na kwamba yeye bado hajawa mmoja wao.

Ndipo katika miaka ya 1980 likatoka tangazo la kumwuliza mwanamume ni kwa njia gani nyingine mishahara ya miezi miwili ingeweza kudumu milele. Hiyo, ndugu msomaji, ndiyo kanuni ya mpwa wangu. Imesafiri miaka arobaini na bahari kadhaa, ikamfikia karani ghalani haina tena jina la aliyeitunga, na kwa sababu hiyo ikapokelewa kama desturi.

Aliyeifikisha ni simu. Mwaka 1938 wakala alilazimika kumtuma mhadhiri kwenda shuleni, akaombe ruhusa kwa mwalimu mkuu na kusimama mbele ya darasa. Siku hizi darasa lenyewe limo kiganjani. Mitandao ya picha haitozi kiingilio. Wanaolipa ni watangazaji, na wanachonunua ni muda wa macho yako. Ukikawia kidogo juu ya picha ya pete, mtambo huweka kumbukumbu, na kesho utaletewa pete kumi. Mpwa wangu alikiri kwamba alitafuta bei ya pete mara moja tu. Tangu siku hiyo pete zinamfuata hata anapotafuta matokeo ya mpira.

Sisi wa magazeti nasi tunaishi kwa matangazo, na sijitoi katika lawama. Lakini tangazo la gazeti lina mstari kulizunguka, unajua linapoanzia na linapoishia. Tangazo la simu limechanganyika na harusi ya rafiki yako, na huenda rafiki yako ndiye tangazo, wala hajui. Ameweka picha ya mchumba akipigiwa goti ufukweni, kidole kimenyoshwa, jua linazama. Fomu ya mkopo haimo katika picha.

Naisema fomu ya mkopo kwa sababu naifahamu. Mimi na mama watoto tulipofunga ndoa, michango ya kamati haikutosha. Badala ya kupunguza shughuli, nilikopa. Fedha hiyo ilikwenda kwenye keki ya ghorofa tano, mapambo ya ukumbi na wapiga video wawili. Tulimaliza kulipa mtoto wetu wa kwanza akiwa ameanza kutambaa, na kuna mwezi mmoja ambao tulinunua unga kwa kukopa dukani, tukiuficha mfuko chini ya kanga ili majirani wasijue. Ile video tulipewa katika diski yenye jalada zuri lenye picha yetu. Ingali kabatini. Mashine ya kuichezea iliharibika zamani, na mafundi niliowauliza wananicheka.

Wapo waliolipima jambo hili kwa hesabu. Mwaka 2014 wachumi wawili wa Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, Andrew Francis na Hugo Mialon, walitoa matokeo ya uchunguzi wao juu ya watu zaidi ya 3,000 waliopata kuwa katika ndoa. Wanaume waliotumia kati ya dola 2,000 na 4,000 kwa pete ya uchumba walikuwa na hatari ya kuachana mara 1.3 ya wale waliotumia kati ya dola 500 na 2,000. Si kwamba pete ndiyo iliyovunja nyumba. Hesabu za namna hiyo zinaonyesha mambo yanayofuatana, hazionyeshi moja likizaa lingine, na wao ni Wamarekani, si wakazi wa Temeke. Hata hivyo lipo jambo moja katika matokeo yao lililonifanya niweke kalamu chini. Harusi za gharama kubwa zilifuatana na ndoa fupi, ilhali harusi zilizohudhuriwa na watu wengi zilifuatana na ndoa ndefu. Bibi yangu, ambaye harusi yake ililishwa pilau na mtaa mzima uliojipikia wenyewe, angeshangaa kwamba jambo hilo lilihitaji wachumi.

Na uadimu wenyewe unazidi kuyeyuka. Almasi inatengenezwa kiwandani tangu miaka ya 1950, na mwaka 2018 kampuni ile ile iliyofunza ulimwengu kwamba jiwe la ardhini halina mfano ilianza yenyewe kuuza mawe ya kiwandani kwa dola 800 kwa karati.

Yote hayo nilimweleza mpwa wangu, pengine kwa urefu kuliko alivyostahimili. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Nimeelewa, mjomba. Lakini yeye hajasoma hayo." Nikamwambia amlete.

Wakaja pamoja Jumapili iliyofuata. Binti ni mshonaji katika kiwanda cha nguo, mwenye sauti ya taratibu na macho yasiyokwepa. Baada ya chai nilimwuliza kama kweli ameitamani hiyo pete. Nilikuwa nimejiandaa kusikia ndiyo au hapana, na kwa kila jibu nilikuwa na hotuba yake. Akafikiri kidogo, akasema:

"Mjomba, siipendi sana wala siichukii. Lakini pale kazini tukikaa kula, wenzangu huonyeshana vidole. Nikionekana sina, hawataniuliza kama napendwa. Wataniuliza nimemkosea nini."

Hotuba zangu zote mbili zikanikauka mdomoni. Ningeweza kumwambia kwamba wenzake nao wanaogopa macho yake, kama yeye anavyoogopa yao, lakini angerudi kesho kukaa na kula katikati ya watu wale wale, na mimi sitakuwapo. Mke wangu ndiye aliyejibu. Hakusema neno. Aliinuka, akaenda kabatini, akaleta ile diski yenye jalada letu, akampa binti aishike. Kisha akamweleza habari ya mfuko wa unga chini ya kanga, habari ambayo mpaka siku hiyo alikuwa hajamsimulia mtu yeyote, hata mama yake mzazi. Walizungumza wawili hao jikoni kwa muda mrefu. Sisi wanaume tulibaki sebuleni tukijifanya tunatazama mpira.

Walipoaga, binti alikuwa amejifunga kipande cha uzi mweupe kwenye kidole cha pete, kwa ajili ya kipimo. Mpwa wangu amenipigia kuniambia kwamba Jumatano wamepita kwa sonara mmoja Kariakoo kuulizia bei za dhahabu tupu, na kwamba bado wanabishana. Fomu ya udhamini ingali juu ya kabati langu, haijatiwa sahihi, wala yeye hajaja kuichukua.