Afya ya Nyumbani: Kidonda cha Chanjo

Mama wengi waonapo kidonda kidogo mkononi mwa mtoto, majuma machache baada ya kuchanjwa B.C.G., huingiwa na hofu. Husema, "Mtoto alikuwa mzima, kwa nini atiwe ugonjwa?" Swali hili si la upumbavu, nalo lastahili jibu.

Ni kweli kwamba chanjo hiyo ina vijidudu vilivyo hai, lakini vimedhoofishwa. Bwana Calmette, daktari, na Bwana Guérin, mganga wa wanyama, walitwaa vijidudu vya kifua kikuu cha ng'ombe, wakavipanda juu ya viazi vilivyopikwa kwa nyongo. Tangu 1908 hata 1921, huko Lille katika Ufaransa, walivihamisha na kuvipanda upya mara 230, hata vikapoteza ukali wao. Mwaka 1921 mtoto mchanga wa Paris, ambaye mama yake alikufa kwa kifua kikuu, alinyweshwa chanjo hiyo.

Basi, tofauti ni nini? Katika damu Mungu ameweka chembe nyeupe, nazo ni kama askari. Askari akutanapo na kijidudu, hukimeza na kukifungia katika kifuko. Kijidudu kikali kina silaha ya kutoboa kifuko kile. Askari hufa, na adui hutoka akiwa ameongezeka, akawaingilia wengine. Kijidudu cha B.C.G. kimepoteza silaha hiyo, kama wataalamu walivyogundua katika miaka ya 1990. Hukaa kifungoni, na askari hupata nafasi ya kuwaonyesha wenzake alama zake. Hao huzikumbuka, na siku ajapo adui wa kweli, hawaanzi kujifunza, bali hupigana upesi. Kidonda kile ni alama kwamba askari wamekusanyika.

Ubaya wa kuchanganya vijidudu hivi ulionekana Lübeck, Ujerumani, mwaka 1930. Watoto wachanga wapatao 250 walinyweshwa chanjo iliyochanganyika na vijidudu vikali katika chumba cha kuitengenezea, na zaidi ya 70 wakafa. Uchunguzi ulionyesha kwamba kosa halikuwa la B.C.G. yenyewe, bali la uzembe wa watu.

Tena tujue kwamba kijidudu dhaifu ni dhaifu mbele ya askari wenye nguvu tu. Mtoto aliyepungukiwa na askari, kama mwenye UKIMWI asiyetibiwa, aweza kudhuriwa hata na B.C.G. Kwa hiyo, mama, usimfiche mganga habari za nyumba yako; afichaye humdhuru mwanawe.

Kidonda kikitokea, msikikamue wala msikipake dawa. Kitapona na kuacha kovu. Kikizidi kuwa kikubwa, au tezi za kwapa zikivimba, mpelekeni mtoto hospitali.

Wala msidhani kwamba kovu ni ngao ya maisha yote. Chanjo hii huwakinga hasa watoto wadogo na kifua kikuu cha ubongo na kile kinachoenea mwilini mwote. Mtu mzima hakingwi sana. Akohoaye majuma mawili na apimwe, ili asiwaambukize walio nyumbani. Kumpenda jirani ni pamoja na kumlinda na kikohozi chetu.

Mungu azilinde nyumba zenu.