Ziwa moja, vipimo viwili: ghala lako liko salama Tanganyika?

Mfanyabiashara anayepakia mzigo Kibirizi, Kigoma, na kuushusha Bujumbura hupita juu ya maji yaleyale, ila chini ya sheria mbili. Tanzania, kwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Burundi, katika sheria yake ya maji ya mwaka 2012, imeweka mita 150 kwa Tanganyika.

Ukiuliza ipi ni bora utajibiwa mita 150, na jibu hilo halitoshi. Suala ni mita hizo zinaanza kuhesabiwa wapi.

Mwaka 1964 Tanganyika lilijaa sana, kisha maji yakarudi nyuma. Ardhi iliyobaki wazi ikakauka, ikagawanywa viwanja, ikauzwa, ikajengwa. Miaka ya karibuni ziwa likapanda tena, na Mei 2024 lilikaribia alama ya 1964. Njia yake ya kutokea ni moja tu, mto Lukuga kule Kalemie, Congo, hivyo mvua zikizidi misimu kadhaa mfululizo maji hukawia kupungua. Aliyejenga mita 160 kutoka ufukweni, kibali mkononi, hakuvunja sheria yoyote. Ufukwe ndio uliomfuata.

Gatumba ina balaa mbili: ziwa upande mmoja, mto Rusizi upande mwingine. Mwaka 2020 Rusizi ulivunja kingo na maelfu ya watu wakahama. Mwaka 2024 maji yalifika hadi kwenye barabara ya kwenda mpaka wa Congo, na barabara hiyo ndiyo biashara yenyewe. Ng'ambo ya pili, Uvira, mto Mulongwe ulibomoa nyumba na kuua watu Aprili 2020.

Serikali za mitaa zina ndimi mbili hapa. Ofisi inayotoza ushuru wa kibanda leo ndiyo inayoweza kesho kukipiga alama ya X. Risiti inathibitisha kwamba umelipa, haithibitishi kwamba eneo linaruhusiwa. Na fidia, ikitolewa, kwa kawaida humtazama mwenye ardhi au jengo. Mpangaji mwenye magunia mia ya unga ndani hatajwi.

Kwa maoni yangu, mpaka wa ujenzi usipimwe kwa umbali kutoka majini bali kwa kimo cha ardhi. Maji ya 2024 yalifika takriban mita 777 juu ya usawa wa bahari, na kimo hicho ni kilekile Bujumbura, Uvira, Kigoma na Mpulungu, Zambia. Nchi zote nne tayari zina Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, yenye makao Bujumbura, chini ya mkataba wa mwaka 2003. Chombo cha kukubaliana kipo. Kazi ngumu itakuwa kuwaambia wenye viwanja vya ufukweni, na baadhi yao si watu wadogo.

Kabla hilo halijafanyika, anayekodi ghala aulize majirani maji ya 2024 yalifika wapi, aende na fundi akapime kimo cha sakafu, na aandikishe kwenye mkataba kwamba kodi inasimama siku maji yakiingia.