Mtoto na Achore Akionacho

Mimi ni mtu wa Pwani, na mnazi nimeujua kabla sijajua kusoma. Basi nilipofika Kimana, huko Kajiado chini ya Mlima Kilimanjaro, nikapewa watoto wadogo niwafunze kuchora, niliuchora mnazi ubaoni nikawaambia wauige. Wakauiga wote, jani kwa jani. Nikajiona mwalimu kweli kweli.

Tulipokuwa twatoka, mtoto mmoja akaniuliza, "Mwalimu, mti huu ng'ombe huula?" Nikatahayari. Kumbe hakuna hata mmoja aliyewahi kuuona.

Siku ya pili nikawaambia kila mtu achore ng'ombe wa kwao. Hapo ndipo nilipofunzwa mimi. Hawakuwako ng'ombe wawili waliofanana: huyu ana baka shingoni, yule pembe moja imepinda, wa tatu sikio limekatwa alama. Mmoja aliongeza migunga ya kinamasini, na mlima wenye theluji nyuma yake. Makosa yalikuwamo, lakini kila mstari ulikuwa na mwenyewe.

Msomaji, usidhani haya ni ya Kimana tu. Waambie watoto wetu wa Mombasa wachore nyumba. Wengi watakuchorea kibanda chenye dohani ya kutolea moshi, kama cha Uingereza kwenye baridi, na hali kila siku wapita mbele ya mlango wa nakshi wakienda chuoni.

Wako watakaosema kwamba kuchora viumbe kuna neno katika dini. Wanavyuoni wamehitilafiana, na mimi si wa kuwaamua. Lakini nakshi, majani, jahazi, hati za Kiarabu, na zidaka za Lamu, mji uliotiwa katika urithi wa dunia mwaka 2001, zina mgogoro gani?

Mtaala wa umilisi, ulioenea Kenya nzima katika madarasa ya chini mwaka 2019, unataka watoto wafunzwe sanaa. Vyema. Lakini mwalimu akija na mnazi wake, faida ya somo imepotea. Kuchora ni kutazama kwanza. Na asiyekitazama cha kwao, kitang'olewa na kuuzwa mbele ya macho yake, asijue kilichoondoka. Milango mingapi imekwenda hivyo!

Wahenga walisema, mcheza kwao hutuzwa. Leo jioni, mzazi mwenzangu, mpe mtoto kalamu, mketishe barazani, umwambie achore akionacho. Kisha wewe nyamaza.