Tuandike Tulichokiona

Kuna desturi iliyozoeleka mno katika maabara za shule, nayo ni kupika majibu. Kila mwanafunzi wa sayansi aijua: jaribio likitoa tarakimu zisizolingana na kitabu, mtu huzifuta, akaandika za kitabu. Mimi mwenyewe nimepata kufanya hivyo, na nitaeleza nilivyoaibika.

Muhula huu Klabu ya Sayansi ilifanya jaribio la kuona jinsi kapasita inavyojaa umeme. Vifaa havikuwa vya gharama. Kapasita ya mikrofaradi 1,000 ilitoka katika redio mbovu kwa fundi. Tulikuwa pia na rezista ya omu 100,000, betri nne za tochi zenye jumla ya volti 6, voltimita ya mshale, na saa. Kapasita haijai kwa mwendo mmoja. Fikirini tangi kubwa la maji lililounganishwa kwa mpira na pipa tupu: mwanzo maji hukimbia, lakini kadiri pipa linavyokaribia usawa wa tangi, ndivyo yanavyopunguza mwendo. Ukizidisha omu kwa faradi unapata sekunde, na kwa vifaa vyetu ni sekunde 100. Kitabu chasema katika muda huo kapasita hufika asilimia 63 ya volti za betri, yaani kama volti 3.8, katika sekunde 200 hufika asilimia 86, na zikitimia sekunde 500 imepita asilimia 99.

Sasa sikilizeni yaliyotupata. Mshale ulipanda mpaka volti 1, ukasimama. Tukangoja dakika tano, haukusogea. Tukabadili betri, ikawa vile vile. Kundi letu la Kidato cha Nne tukaona haya, tukaandika 3.8, kisha 5.2, kisha 5.7, tukachora na mchoro wa kupendeza. Kundi la Kidato cha Pili waliandika volti 1, na chini yake: "Mshale umekataa kupanda, sababu hatuijui."

Mwalimu hakuusifu mchoro wetu. Alichukua daftari la wadogo zetu, akatuuliza sote: "Umeme mwingine unakwenda wapi?" Ndipo ilipojulikana kwamba voltimita ile, ikipima hadi volti 10, ina ukinzani wa omu 20,000 tu. Imefungwa sambamba na kapasita, kwa hiyo umeme uliopita katika rezista uliendelea kupenya ndani ya kipimo chenyewe. Volti zikagawanyika, 5 kwa rezista na 1 kwa kipimo. Tulikiondoa kipimo, tukaitoa chaji ya kapasita, tukaanza upya. Zilipotimia sekunde 100 tukakigusisha: mshale ukaruka kupita volti 3, kisha ukaanza kushuka. Kumbe kitabu kilisema kweli, na mshale nao ulisema kweli. Waongo tulikuwa sisi. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yetu haikumaliza hata kipindi kimoja.

Nchi yetu ina mfano mkubwa wa jambo hili. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa Kidato cha Tatu katika Shule ya Magamba, alitia mchanganyiko wa aiskrimu kwenye friji ukiwa bado moto, akaona umeganda kabla ya ule uliopozwa. Alipouliza, aliambiwa amekosea, akachekwa. Hakuacha kusema alichokiona. Alipokuwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza Dakta Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, naye akaenda kujaribu badala ya kucheka. Mwaka 1969 wakaandika makala pamoja. Wataalamu wanabishana juu yake hadi leo, lakini ubishi huo usingekuwapo kama kijana yule angefuta alichokiona.

Wapo watakaosema mtihani wataka tarakimu safi, na vifaa vyetu ni vikuukuu. Ni kweli. Hata kapasita mpya ya aina ile yaweza kupishana na maandishi yake kwa asilimia 20, hivyo sekunde 100 zikawa 80 au 120. Lakini hiyo ndiyo sababu ya kuandika tulichopima: anayejua jibu kabla ya kupima hana haja ya kipimo.

Kwa hiyo nawaomba walimu wetu watoe alama kwa tarakimu ya kweli iliyoelezwa vizuri, hata kama hailingani na kitabu. Wazazi wetu nawaomba wasituulize tu tumekuwa wa ngapi, bali watuulize pia tumejaribu nini. Nanyi wanafunzi wenzangu, andikeni kwa wino, si kwa penseli. Kesho mmoja wetu atapima dawa ya mgonjwa, na mwingine atasoma mizani ya tumbaku au ufuta wa wazee wetu hapa Namtumbo. Aliyezoea kupika volti leo, siku hiyo atapika kilo.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne