Maneno Madogo ya Wakati

Mkulima wa Rangwe asemapo, "Nitafika Ijumaa," hahitaji neno lo lote mbele ya siku hiyo. Mwingereza hunena vingine: siku huitangulizia "on", mwezi "in", saa "at". Karani akiyachanganya hayo huchekwa tu.

Yapo mengine yawezayo kumpotezea mtu shamba. Sheria ya Kenya ya mwaka 1968 ya kuamua haki za ardhi humpa asiyeridhika na daftari la mashamba siku 60, tangu litangazwe kuwa limekamilika, aandike pingamizi lake. Neno la Kiingereza hapo ni "within", yaani kabla siku hizo hazijaisha. Bali "in sixty days" mara nyingi maana yake ni siku 60 zikiisha. Alitwaaye hilo kwa maana ya hili atafunga safari siku ya 61, barua mkononi, na muda umekwisha.

"By Friday" na "until Friday" nayo hufasiriwa yote mawili "mpaka Ijumaa". La kwanza ni kuleta kitu mara moja, Ijumaa isipite. La pili ni kuendelea na jambo, kama kungoja, hata Ijumaa ifike. Karani afasiriye tangazo la kwanza na aandike "isipite Ijumaa".