Hesabu ya Watu wa Gilgil na Sisi wa Pwani

Msomaji wa Lamu au wa Likoni aweza kuuliza: Gilgil yatuhusu nini? Mji wenyewe uko bara, kati ya Naivasha na Nakuru, na wengi wetu twaujua kwa kupita njia tu, tukisimama kidogo pale Kikopey penye nyama ya kuchoma. Lakini nimeitazama hesabu ya watu ya mwaka 2019, nami naona idadi ya watu wa Gilgil yafaa kuzungumzwa katika baraza zetu pia.

Mwaka huo kaunti ndogo ya Gilgil ilikuwa na watu 185,209. Kaunti nzima ya Nakuru ilikuwa na watu 1,603,325 mwaka 2009, na miaka kumi baadaye ikawa na 2,162,202. Hiyo ni nyongeza ya watu kama 35 kwa kila mia, ilhali Kenya nzima iliongezeka kwa 23 kwa kila mia. Tofauti kubwa namna hiyo haitokani na uzazi peke yake. Watu wanahamia.

Na kuhama huko hakukuanza jana. Nchi ile ilikuwa malisho ya Wamasai. Kwa mapatano ya mwaka 1904 Waingereza waliwaondoa Bonde la Ufa, wengine wakapelekwa Laikipia, na mapatano ya pili ya 1911 yakawang'oa huko nako. Reli iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 ilikuwa imekwisha kupita hapo. Walowezi wakagawiwa ardhi: Lord Delamere akakaa Soysambu, na shemeji yake, Galbraith Cole, akakaa Kekopey. Wasomali wakaajiriwa kuangalia mifugo, Wakikuyu wakaja kufanya kazi mashambani. Katika miji ya reli kama hiyo ndimo walimokutana Waislamu wa asili mbalimbali, Wasomali, Wanubi, Wahindi na watu wetu wa Pwani.

Baada ya uhuru likaja wimbi jingine. Shamba la Kekopey liliuzwa kwa ushirika wa wakulima, likakatwa vipande, na kila mwenye hisa akataka kulima chake. Nyani waliokuwa wakiishi hapo, ambao mtaalamu wa Kimarekani Shirley Strum alianza kuwachunguza mwaka 1972, wakageuka wezi wa mahindi. Mwaka 1984 ikabidi makundi yao yahamishwe mpaka Laikipia. Nyani walifuata njia ile ile waliyopelekwa Wamasai miaka 80 kabla yao! Hapo tena kuna kambi za jeshi na chuo cha Vijana wa Huduma kwa Taifa, ambazo huleta vijana kutoka kila pembe ya nchi. Na baada ya fujo zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, sehemu za Nakuru zilipokea watu wengi waliofukuzwa makwao.

Basi ukiuliza mwenyeji wa Gilgil ni nani, jibu ni kwamba karibu kila mmoja ni mtoto au mjukuu wa aliyekuja. Ardhi ilipofunguliwa watu walijaa. Wingi wao ukawapa sauti: jimbo la Gilgil lilimegwa kutoka Naivasha, likachagua mbunge wake wa kwanza mwaka 2013.

Hapa ndipo jambo linapotugusa sisi. Katiba ya mwaka 2010 imeweka majimbo 290, wala hayazidi. Ukigawa watu wote wa 2019 kwa idadi hiyo, kila jimbo lapata watu 164,015. Gilgil imevuka kiasi hicho. Lamu Mashariki, yaani Faza, Pate, Siyu, Kizingitini, Kiunga na jirani zao, ilihesabiwa watu 22,258 tu. Sheria inaruhusu jimbo lenye watu waliotawanyika kupungukiwa kwa 40 katika kila mia, na hata hapo ingetakiwa watu zaidi ya 98,000. Katika ugawaji wa mwaka 2012 majimbo madogo yalilindwa kwa kifungu cha mpito, ambacho kilikuwa cha mara moja. Ugawaji mwingine ulipaswa kumalizika mwaka 2024, na mwaka huo ukapita kazi haijafanywa. Siku itakapofanywa, mbunge wa visiwa vile atakuwa mashakani.

Wako watakaosema kwamba hiyo ni njama ya watu wa bara. Mimi siafiki. Kisauni ilihesabiwa watu 291,930, na Likoni 250,358. Kwa kipimo hicho hicho kinachoitisha Lamu Mashariki, Mombasa ina haki ya kudai kiti zaidi. Hatuwezi kuikataa mizani Faza na kuishangilia Kisauni.

Tunaloweza kulidai ni kwamba historia nayo ipimwe. Watu wa visiwa na mrima wa kaskazini si wachache kwa bahati mbaya. Vita vya mashifta vya miaka ya 1960 viliwafanya Wabajuni wengi waviache vijiji vyao vya bara, wakakimbilia visiwani, Malindi na Mombasa. Isitoshe, hesabu ya Kenya humwandika mtu pale alipolala usiku ule. Mvuvi wa Kizingitini aliyelala Kisauni usiku wa tarehe 24 Agosti 2019 ni mtu wa Kisauni katika daftari. Gilgil ilijazwa na waliokuja, Lamu Mashariki ikapunguzwa na waliotoka.

Kifungu cha 89 cha Katiba kinawataka wagawaji watazame pia hali ya nchi, njia za mawasiliano, na mafungamano ya historia, uchumi na utamaduni. Huo ndio mlango wetu. Hapana budi wazee, wanasheria na walimu wa Lamu waandike hoja hizo mapema, kwa tarehe na kwa majina ya vijiji vilivyohamwa, kabla Tume ya Uchaguzi na Mipaka haijaja kusikiliza. Gilgil isilaumiwe kwa wingi wake. Lakini asiyeeleza uchache wake umetoka wapi, atasomewa tarakimu tu.